Mguu Usiochorwa

Kapteni Otilia Gama alipoanza kuburuta mguu wa kushoto, ukumbi mzima ulinyamaza, isipokuwa mama yake mzazi, Mama Eufrasia, ambaye aliangua kicheko.

Hakikuwa kicheko cha kujizuia. Kilikuwa kile cha kumfanya mtu ajishike mbavu na kutafuta pindo la khanga la kufutia machozi. Sekela Mwambene, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mitambo, alidhani mama wa watu amechanganyikiwa, na nani angemlaumu? Pale ukutani binti yake alikuwa akitembea kwenye ushoroba wa chombo cha Matogoro, huko mbali karibu na sayari ya Mshtarii, na kila hatua ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Vidole vya mguu vilikuwa vimegeukia ndani. Kisigino kilikokotwa sakafuni kama jembe lililolegea mpini.

"Zima," alisema Daktari Ishengoma, mkuu wa jopo la madaktari wa safari. Alivua miwani akaifuta kwa tai yake, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Mnazima ya nini?" alilalamika Mama Eufrasia. "Mwacheni nimwone vizuri huyo mpumbavu."

"Mama," daktari alisema kwa upole, "najua ni vigumu kumwona mtoto wako katika hali hii."

"Mtoto wangu yupi? Huyo si Otilia, baba. Huyo ni Kihwele!"

Hakuna aliyeelewa, ila Sekela. Yeye alianza kushuku, maana ndiye aliyeendesha mitambo ya kuchora, na alijua jambo ambalo kituo kizima kilikuwa kikilijua na kulinyamazia: hakuna kamera iliyokuwa imempiga Otilia picha ile.

Kutoka Mshtarii hadi kituo cha Kitulo, kule kwenye nyanda za juu zenye ukungu na mashamba ya viazi, ishara husafiri karibu saa nzima, na hufika zikiwa hoi. Video haipiti. Kinachopita ni namba. Kila mwanaanga amevaa vihisi kwenye viungo vyake, navyo hutuma habari bila kukoma: goti liko wapi, kiwiko kiko wapi, kona ya mdomo imepanda kiasi gani. Namba hizo zikifika Kitulo hupokelewa na programu waliyoiita Mchoraji, naye humjenga mtu mzima, na ngozi yake na nguo zake na kivuli chake sakafuni, fremu moja baada ya nyingine. Lakini Mchoraji hajui kutengeneza video. Fremu zake husukumwa moja moja hadi kwenye programu ya nje kabisa, kisimbaji, mali ya Mamlaka ya Mihuri, iliyofungiwa chumba chake yenyewe ng'ambo ya ua. Kisimbaji ndicho kinachozibana fremu, kikazishona kuwa faili moja la video, kikagonga muhuri. Video yenye muhuri inakubalika mahakamani, kwa madaktari na kwa familia. Bila muhuri ni michoro tu.

Walitenganishwa makusudi, ili anayechora asiwe ndiye anayegonga muhuri. Lilikuwa wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba kisimbaji hakijali picha ni ya nini. Ukikiletea fremu za nyani anayepiga pasi, kitamshona nyani wako vizuri na kumgongea muhuri.

Sekela alifungua kumbukumbu za namba kwenye kioo chake, akashuka nazo harakaharaka mpaka alipokuta alichokuwa akikiogopa.

"Daktari," alisema. "Kihisi cha kifundo cha mguu wa kushoto kimekufa. Wiki hii hakijatuma chochote."

"Kama hakijatuma chochote, mguu ule umetoka wapi?"

"Mchoraji haachi tundu. Akikosa namba, anachora anavyomkumbuka mtu mwenyewe." Akamgeukia mama. "Mama, shikamoo. Samahani. Kabla ya safari mlituletea rekodi za Kapteni, ili mashine imzoee. Mlileta zipi?"

"Marahaba, mwanangu. Tulileta ile ya kumuaga, pale Peramiho. Ndiyo ndefu kuliko zote, tena inaionyesha suti yake yote mbele na nyuma." Kicheko kikaanza kumrudia Mama Eufrasia mashavuni. "Sasa si watani walikuja! Wahehe wote wale, nani angewazuia? Kihwele akaiba suti ya mwanangu, akaivaa, akazunguka nayo uwanja mzima anaburuta mguu. Eti Mngoni akishuka kutoka mbinguni atatembea hivyo. Tulikufa kwa kucheka."

Wangoni na Wahehe walipigana zamani hadi wakachoka, wakaishia kutaniana, na mtani hana mipaka. Msibani atavaa koti la marehemu na kuiga alivyokuwa akikohoa, na wafiwa watamshukuru. Mchoraji, kwa upande wake, alikuwa ameambiwa kwamba aliyevaa suti yenye jina la Gama ndiye Gama. Hakuna aliyekumbuka kumweleza habari za watani.

Mtu mmoja ukumbini alianza kucheka, kisha akaona uso wa daktari, akaacha.

"Inafurahisha," alisema Ishengoma, "na ningependa iwe kweli. Lakini sikilizeni. Chombo cha kwanza, Uluguru, nahodha wake alipatwa na mnyauko wa neva. Ni ugonjwa usiojitambua. Tulimuuliza, akasema hajambo. Alisema hajambo mpaka dakika aliyowabamiza wenzake ardhini. Tangu siku ile tuna sheria: hatumwulizi mgonjwa, tunaangalia video yenye muhuri. Na video yenye muhuri ninayo, inaonyesha mguu unaburutwa." Akavaa miwani. "Kesho adhuhuri ndiyo mwisho wa kutuma amri. Nikiandika kwamba anaumwa, chombo kitamlaza kwenye usingizi wa baridi na kugeuka kurudi. Nikiandika mzima, atawateremsha watu sita juu ya Kalisto, mwezi wa Mshtarii, kwa mikono yake."

"Akilazwa ataamka lini?" aliuliza Mama Eufrasia. Sasa hakuwa akicheka.

"Wakifika nyumbani. Miaka sita."

Mama Eufrasia aliitazama mikono yake iliyojaa mishipa. Alikuwa amekwisha kuhesabu bila kuhesabu. "Mimi miaka sita nitakuwa wapi, baba?" alisema.

*

Walimpigia Festo Kihwele simu kutoka chumba cha Sekela, Mchomvu, mkurugenzi wa kituo, akiwa amesimama mlangoni na mikono nyuma. Kihwele alijitokeza kwenye kioo akiwa Ifunda, amesimama kati ya magunia ya mahindi, ametapakaa pumba hadi kwenye kope.

"Mama wa Kingoni!" aliita. "Bado hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kukufundisha adabu? Festo, hebu tembea. Tembea kama siku ile ya Otilia."

Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Aliweka mikono kiunoni, akageuza vidole vya mguu wa kushoto ndani, akaburuta kisigino kati ya magunia yake huku akipunga mkono kama rais. Sekela aliweka video yenye muhuri kando yake kwenye kioo. Mguu ulikuwa uleule. Hata ule mtikisiko mdogo kabla ya kukanyaga ulikuwepo.

Wakamweleza. Mwanamume yule alisimama hivyohivyo na mguu wake umepinda, furaha ikimtoka usoni polepole. "Mungu wangu," alisema. "Kwa hiyo watamlaza kwa sababu yangu? Mama, mimi nilikuwa nataka tu ucheke. Ulikuwa umelia tangu asubuhi."

"Na nilicheka. Ondoa huo uso wa msiba, haukufai." Lakini sauti ya Mama Eufrasia ilikuwa imelegea. Alikata simu haraka.

Mkurugenzi Mchomvu alifunga mlango. Alikuwa mtu wa kazi, si mwovu hata kidogo. Miaka kumi na miwili ya maisha yake alikuwa ameitumia kuiandaa safari ya Matogoro.

"Basi dawa si tunayo," alisema. "Sekela, itoe hiyo rekodi ya kuaga. Mpe Mchoraji nyingine. Mama, mna nyingine?"

"Ipo ya mashindano ya shule. Alikimbia mita mia nne, akawaacha wote."

"Safi kabisa. Mchoraji achore upya, kisimbaji kigonge muhuri, kesho asubuhi daktari anaona Kapteni anatembea kama Kapteni. Tunatua."

"Daktari atataka kujua tumebadilisha nini."

"Tutamwambia tumesahihisha kosa. Si ni kweli? Mguu wa Kihwele ni kosa."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo penye utamu wake. Sekela alitoa rekodi ya kuaga, akaweka ya shule, akamwambia Mchoraji arudie. Fremu zikaanza kujitokeza. Otilia alisimama kwenye ushoroba, mwili umenyooka, na mguu wake wa kushoto ukainuka na kushuka kwa wepesi wa kupendeza, kama mguu wa mtu ambaye hajawahi kuugua hata mafua. Mama Eufrasia alitoa sauti ndogo ya furaha. Mchomvu alipiga kiganja chake kwa ngumi.

Sekela aliitazama fremu ya mwisho. Alikuwa akimpenda Otilia, kama unavyompenda mtu ambaye unayachora mabega yake kila siku. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupeleka fremu kwa kisimbaji. Kilichobaki ni kubonyeza tu. Lakini swali lilimganda kichwani, haliondoki: na huu nao ni mguu wa nani? Si wa Kihwele, sawa. Ni wa msichana wa kidato cha tatu siku ya michezo. Kama Otilia alikuwa mzima, Mchoraji angechora hivi. Na kama neva zake zilikuwa zikinyauka wakati huuhuu, Mchoraji angechora hivihivi, na kisimbaji kingegonga muhuri uleule, na watu sita wangeshuka juu ya barafu wakiongozwa na mguu wa siku ya michezo.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kupeleka hii. Tunabadilisha uongo unaotuumiza kwa uongo unaotufaa."

Mchomvu alifungua mdomo, lakini Mama Eufrasia alimtangulia. Aliinuka, akamshika Sekela bega, akasema kwa sauti ya kuomba ambayo mtu mzima hapaswi kumwomba nayo binti mdogo. "Chora tu, mwanangu. Nakusihi. Mradi wamwache macho. Namjua mwanangu, haumwi."

Sekela aliondoa kidole juu ya kitufe. Angekuwa mama yake huyu, angebonyeza. "Mama," alisema, "na kama anaumwa?"

"Haumwi."

"Naomba iwe hivyo. Lakini mimi na wewe tuko hapa Kitulo, hatuuoni ule mguu. Nikiuchora, nakuwa nimesema nimeuona."

Mkono wa Mama Eufrasia ulikuwa bado begani kwa Sekela. Nje, watu wa zamu ya mchana walikuwa wakipita na vikombe vya chai ya tangawizi, wakiongea habari za baridi.

"Yule kijana wa Masunga yumo humo," alisema mwishowe. "Na yule binti wa Pemba aliyenitumia salamu za Pasaka. Ni watoto wa wenzangu." Mkono ukaanguka. "Haya. Sasa utafanyaje?"

*

Alichofanya Sekela kilikuwa kidogo mno hata Mchomvu alimwuliza kama ndicho tu. Alimweka Mchoraji pembeni na kumbukumbu zake zote, akaandika programu mpya yenye akili ya kuku. Ilichukua fremu nyeusi tupu. Kila kihisi kilicho hai ilikiwekea nukta nyeupe mahali namba zake zinaposema kipo: bega, kiwiko, nyonga, goti. Kihisi kilichokufa haikukiwekea kitu. Haikujua Otilia ni nani wala binadamu ni kitu gani. Ilijua kuweka nukta, basi.

Fremu zikapangwa foleni, zikasukumwa kwa kisimbaji. Kisimbaji kikazikataa zote.

"Nini tena?" Mchomvu alikuwa akitembea huku na huku.

Sekela alisoma ujumbe wa kosa, akajicheka. Kisimbaji huzikata picha vipande vyake viwiliviwili, kwa hiyo upana na urefu lazima vigawanyike kwa mbili, na yeye kwa papara alikuwa ametengeneza picha yenye upana wa witiri. Akaongeza mstari mmoja wa weusi pembeni. Kikakubali. Baada ya muda mfupi faili lilirudi na muhuri wake, wakalifungua wote watatu.

Nukta zilitimua mbio. Zilipita ushorobani kama mtu aliyekurupushwa na nyuki, zikageuka, zikarudi kwa kasi ileile. Mama Eufrasia alishika mdomo. Mchomvu, aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi, alijikuta akicheka hadi akakaa chini.

"Nimesahau kukiambia fremu ngapi kwa sekunde," alisema Sekela huku vidole vyake vikikimbia juu ya vitufe. "Usipokiambia kinatumia mazoea yake, ishirini na tano. Mwili wa Kapteni unatuma kumi tu. Hayo ndiyo makosa ninayoyataka mimi. Ukikosea, unaona."

Safari hii, kabla faili halijarudi, simu iliita kutoka Mamlaka ya Mihuri. Afisa wa zamu alitaka kujua kama mtambo wao umeharibika, maana anapokea picha nyeusi zenye chawa.

"Haujaharibika," alisema Sekela. "Huyo ni Kapteni Gama."

"Haya, dada. Mimi nagonga tu."

*

Asubuhi ukumbi ulijaa. Habari zilikuwa zimetembea, na familia za wanaanga wote sita zilikuja, wengine wakiwa wamejifunga mablanketi juu ya masweta. Sekela alisimama mbele yao akasema atakachoonyesha, na kwa nini. Kisha akawasha.

Nukta nyeupe zilijitokeza kwenye ukuta mweusi. Kwa pumzi moja zilikuwa nukta tu, kama chumvi iliyomwagika. Kisha zikaanza kusogea, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, kwa sababu ghafla pale ukutani palikuwa na mtu. Hakuna uso, hakuna nguo, hakuna ngozi, na bado alikuwa mtu, anatembea. Chini ya goti la kushoto hapakuwa na kitu.

"Mguu uko wapi?" aliuliza Daktari Ishengoma.

"Sijui, Daktari. Kihisi kimekufa. Nisichokijua sijakichora."

Mzee mmoja mrefu alisimama katikati ya viti. Alikuwa Mzee Masunga, aliyesafiri kutoka Magu, baba wa mhandisi wa Matogoro. "Binti," alisema, "samahani. Sisi tunaletewa filamu kila wiki. Kijana wangu ananitazama, anatabasamu. Lile tabasamu ni lake?"

Sekela angetoa mshahara wa mwaka asiulizwe swali lile. Alimwona Mchomvu akiangalia sakafu.

"Macho ni yake, Mzee. Namna anavyoinamisha kichwa ni yake. Vihisi vya mdomo vilikufa mwanzoni mwa safari. Tabasamu lile ni la harusi ya dada yake."

Mzee Masunga hakupiga kelele. Alikaa polepole akikitafuta kiti kwa mkono, kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Mkewe alimshika goti. Manung'uniko yalienea ukumbini, na Sekela alijua kwamba nusu ya watu wale kwa sasa wanamchukia, na kwamba wana haki. Angeweza kuomba radhi. Alichofanya ni kubaki amesimama.

Daktari alikuwa hasikii lolote kati ya hayo. Alikuwa ameinuka na kuusogelea ukuta hadi nukta zikawa zinampita juu ya paji la uso.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Tena. Tena."

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mtu Kitulo aliyewahi kumwona akikifanya. Akavua koti, akaanza kuchechemea mbele ya ukuta, akiburuta mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote, mtu mzima na tai yake.

"Nitazameni nyonga!" aliamuru. "Nitazameni bega!"

Walimtazama. Kila alipoburuta, nyonga moja ilipanda kuusaidia mguu, bega la upande wa pili likazama, kichwa kikayumba. Mwili mzima ulikuwa ukihangaika kwa ajili ya mguu mmoja. Pembeni yake, zile nukta za nyonga zilisafiri sawasawa, kama zimepigwa rula.

"Mguu ukifa, kiuno hakiwezi kuficha," alisema Ishengoma, akihema. "Jana nilikuwa nautazama mguu uliochorwa vizuri sana, sikutazama kitu kingine. Anayeburuta mguu hawezi kutembea na nyonga zimelala hivi. Haiwezekani. Huyu mwanamke anatembea kama amebeba ndoo kichwani!"

"Ndivyo alivyo!" Mama Eufrasia alikuwa amekwisha kusimama bila mtu kumwona akisimama. Alipita katikati ya watu hadi ukutani, akainua kiganja chake karibu na zile nukta, bila kuzigusa. "Ndiye. Jamani, ndiye. Mnaona anavyotanguliza bega la kulia kama anayepita mlango mwembamba? Tangu ameondoka, filamu zote mlizonipa, nilikuwa namtafuta humo ndani. Huyu ndiye Otilia."

Daktari aliitazama saa ya ukutani, akavaa koti lake, akaketi. Aliandika neno moja, akasaini, akampa Mchomvu. Mchomvu alilisoma, kisha akalisoma kwa sauti, na sauti yenyewe ilimkatika katikati.

"Mzima."

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi mashambani. Amri ilitumwa kabla adhuhuri haijafika, ikaondoka Kitulo, ikapita juu ya ukungu na juu ya mwezi na juu ya kila kitu, kuelekea Mshtarii.

*

Habari kwamba Matogoro imetua salama ilifika kwanza kama mstari mmoja wa maandishi. Watu walilia, wakakumbatiana, wakamrusha Mchomvu juu, wakakosea kidogo kumdaka. Kisha zikaanza kufika namba za vihisi. Watu sita walikuwa wakishuka ngazi kwenda kukanyaga barafu ya Kalisto.

Mchomvu alimjia Sekela akiwa amechomoka shati. "Dunia nzima inasubiri hii video. Mchoraji yuko tayari, sura, suti, kila kitu. Au..." Hakumaliza. Aliwageukia wenye watoto wao.

Ni jambo kubwa kumnyima mtu uso wa mwanawe siku kama ile. Sekela alisogea nyuma ya mitambo yake. Aliona si lake kusema.

"Uso wa kijana wangu ninao ukutani nyumbani," alisema Mzee Masunga. Alisema taratibu, kila neno likimgharimu. "Leo nataka kumwona yeye, anachofanya. Weka hizo nukta."

Mama wa yule binti wa Pemba alitikisa kichwa kukubali. Wengine wakafuata.

Fremu nyeusi zikatoka moja moja, zikavuka ua, zikaingia kwa kisimbaji, zikarudi zimeshonwa. Ukutani yakatokea makundi sita ya nukta, moja likitangulia, bega la kulia mbele, halina kitu chini ya goti la kushoto. Lilifika mwisho wa ngazi. Lilisita. Kisha likapiga hatua, na badala ya kushuka, likapaa.

Ukumbi ulipiga yowe. Ndani ya chombo, kilichokuwa kikijizungusha safari nzima, walikuwa na uzito wao wa nyumbani. Kalisto haina habari na uzito wa mtu. Nukta za Otilia zilipanda juu kuliko mtu yeyote anavyoweza kuruka, zikaelea, mikono ikafunguka, zikashuka polepole kama unyoya wa kuku, zikagusa, zikapaa tena juu zaidi. Nyuma yake wa pili akajaribu, akapindukia kichwa chini, akaruka tena. Sekela alijishika kichwa. Hapakuwa na rekodi ya mtu anayetembea hivi, popote, katika kumbukumbu zote za Mchoraji. Angewachora watu sita wakitembea kwa adabu juu ya barafu kama wanaotoka kanisani Peramiho, na hakuna mtu ambaye angejua.

Mama Eufrasia alikuwa amesimama juu ya kiti, daktari akimshika mkono asianguke.

"Anaruka!" alipaza sauti. "Mtazameni mwanangu, anaruka!" Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akapiga kigelegele.